Mita Iliyochaguliwa kwa Macho

Jalada la mpwa wa marehemu lilitakiwa kwa mwendesha mashtaka saa nane mchana, na juu yake mtu mwenye haraka alishaandika kwa wino mwekundu: kuua kwa uzembe. Inspekta alilibana kwapani, akasukuma mlango wa karakana saa tatu na robo asubuhi, akapokewa na sura yake mwenyewe kwenye kitasa.

"Usishangae, afande," alisema Koplo, mwanamke mfupi aliyekuwa ametangulia na sasa alikuwa akipima sakafu kwa utepe. "Humu hata ndoo ya taka unaweza kunyolea ndevu."

Mwenye karakana mtaa mzima ulimwita Mng'aro, na jina hilo hakuliokota. Mbele aliweka kaunta ya kioo. Nyuma aliweka meza moja ndefu ya mafundi, imeelekezwa mlangoni makusudi ili mteja akiingia aone kazi inafanyika. Watu husimulia kwamba mteja mmoja alileta pasi iliyokufa, akaitazama meza ile, akaacha pasi na kuondoka bila kuuliza lolote, kwa heshima tu, na mpaka leo hajarudi kuichukua.

Kwenye meza hiyo ndipo alipofia Fundi Mshale, juzi saa nne asubuhi, mikono yake yote miwili ikiwa ndani ya mashine ya kuchomelea vyuma.

Inspekta alisoma maelezo akiwa amesimama palepale. Mashine ilikuwa ya mtengeneza mageti. Plagi yake ilikuwa kubwa mno kwa soketi za meza, kwa hiyo nyaya zake zilikazwa kwa skrubu moja kwa moja kwenye umeme wa meza. Meza nzima, pamoja na taa yake na soketi zake, iliwashwa na kuzimwa kwa swichi moja ya ukutani, karibu na mlango. Alama za mwisho za vidole kwenye swichi hiyo zilikuwa za mtu mmoja: mpwa wa marehemu, mtoto wa dada yake, fundi aliyefundishwa na yeye mwenyewe tangu akiwa na sare za shule. Binti hakukana. Aliwasha, akasikia mjomba anaguna, akazima papo hapo. Papo hapo yake ilikuwa imeshachelewa.

"Anasema mjomba ndiye aliyemwambia awashe," Koplo alisema.

"Wewe unaamini?"

"Fundi wa miaka thelathini na moja, mashine iko wazi mbele yake, aseme washa? Afande, hata mlevi hatamki hilo. Na wiki nzima walikuwa wanagombana. Muuza magazeti kasikia, kinyozi kasikia, nadhani hata kiziwi wa pale kona kasikia."

Inspekta aliinama juu ya meza. Katikati ilikaa multimita mpya ya mezani, mita ya kupimia umeme, kubwa kama redio ya sebuleni, kioo chake cheusi kimelala. Kulia kwake mbao za meza zilikuwa zimebadilika rangi kwa moshi wa risasi ya kulehemu na jasho la viganja, isipokuwa sehemu moja ndogo ya mraba, nyeupe kama siku ilipopigwa randa. Kwenye kona za mraba huo kulikuwa na alama nne za mpira.

"Pima hapa," alimwambia Koplo. "Upana, urefu, na hizo nukta."

Mng'aro alitokea nyuma akiwa na kitambaa cha kufutia mkononi, akaanza kufuta kaunta ambayo haikuwa na kosa lolote.

"Afande, mimi niliyaeleza yote juzi."

"Nieleze na mimi. Polepole, mkono wangu mzito kuandika."

"Mzee alizima swichi mwenyewe. Taa ya meza ikafa, nikaona. Akarudi, akapima kapasita kwa mita mpya."

"Kapasita ndiyo nini?"

"Kile kikopo mle ndani. Kinakula umeme na kuuficha tumboni hata ukishazima. Lazima ujue kwanza kama kimeshiba au kina njaa, ndiyo uingize mkono. Sheria ya mzee mwenyewe hiyo: zima meza, pima kikopo, halafu gusa."

"Mita ikasema nini?"

"Sifuri. Nilikuwa nyuma yake hatua mbili. Sifuri za kijani, kubwa kama mayai ya bata. Akaweka waya za kupimia chini, akaingiza mikono. Binti akawasha."

"Bila kuambiwa?"

"Nani amwambie? Alikuwa kanuna pale mlangoni kama chura wa kiangazi."

"Kisa cha kununa?"

"Hiyohiyo mita. Mzee hakuitaka. Kila siku ina kasoro, inatoa mwanga mwingi, inapiga kelele. Nikamwambia, mzee wangu, mchagua jembe si mkulima. Shika, fanya kazi."

Inspekta aligusa mraba mweupe kwa kalamu. "Hapa palikaa nini?"

Kitambaa kilisimama juu ya kioo. "Hapo? Redio ya mteja. Keshachukua."

Inspekta aliandika *redio*, akapiga mstari chini yake.

Nje, alimweleza Koplo hesabu yake, nayo ilikuwa fupi. Kama mita ilisema sifuri wakati kapasita imejaa, basi mita ndiyo muuaji na binti anarudi kwao. Waliitia kwenye mfuko wa ushahidi, wakaifunga kamba, wakaibeba kama mgonjwa mpaka mtaa wa pili, kwenye duka ilikonunuliwa.

Duka lilikuwa la mjane mmoja aliyeitwa Mama Vipimo. Aliuza mizani, mita za maji, tepe, pimamaji, na kila kitu kinachojua kusema kiasi. Alijua kupima vyote isipokuwa maneno yake.

"Mnaniletea mwanangu kwenye mfuko?" alisema, akishusha miwani iliyofungwa kamba shingoni. "Kafanya nini?"

"Anadaiwa kusema uongo," Inspekta alijibu.

"Huyu? Huyu hana akili ya kusema uongo. Uongo unataka akili." Aliichomeka mita ukutani. Kioo kikawaka, kikahesabu kidogo, kikatulia na sifuri zake za kijani. Akachukua betri, akaigusa kwa ncha mbili. "Kumi na mbili nukta sifuri sita." Akatoa kisanduku chake cha kukagulia, akazungusha kitufe chake mara tatu, na mara tatu mita ikasoma vilevile. "Haina dhambi. Isimamisheni kizimbani iape."

"Mara nyingine mita nzuri huwa na waya mbovu," Inspekta alisema.

Mama Vipimo akazivuta zile waya, akazikunja, akazipigapiga kama anafua. Namba hazikutikisika.

Koplo alitazama saa ya ukutani. Saa tano na dakika ishirini. "Basi binti amekwisha," alisema kwa sauti ya chini.

"Binti yupi?" Mama Vipimo aliuliza. "Mpwa wa Mshale? Alikuja hapa na yule Mng'aro siku ya kununua. Nikauliza maswali yangu matatu, kwa sababu mimi siuzi mita kama maandazi. Utapima nini? Atatumia nani? Meza yako inapata wapi umeme? Bwana yule akanijibu kwa swali: ipi inaonekana tangu mlangoni?"

"Wewe ungemuuzia ipi?"

Alinyooshea kidole rafu ya chini. Palikuwa na mita ya kijivu, pana na fupi, yenye sura mbaya kama kiatu cha jeshi. "Ile. Inatumia betri na umeme wa ukutani, unachagua. Akasema ile ni ya wachimba visima. Nikamwambia, bwana, kifaa cha mezani hakichaguliwi kwa macho, kinachaguliwa kwa meza. Akanipiga methali, ati mchagua jembe si mkulima. Uongo mtupu. Mwenye shamba ndiye anayechagua jembe. Asiyelima ndiye anayechukua lolote linalong'aa."

"Na binti alitaka ipi?"

"Hiihii." Sauti yake ilipungua ukali. "Lakini yeye alisema namba zake kubwa. Akasimama kule mlangoni, akafinya macho hivi, akasema anazisoma bila shida. Sikumuuliza zaidi. Nina kazi nyingi."

Alisema hayo huku akichomoa mita ili awarudishie. Kioo kikawa cheusi.

Inspekta alikuwa ameshanyoosha mkono kupokea. Akaurudisha.

"Chomeka tena."

"Imeshapona, baba, haina haja."

"Chomeka."

Kijani kikawaka.

"Chomoa."

Cheusi.

"Haina betri ndani? Hata ndogo?"

"Nimekwambia toka mwanzo. Hii bila ukuta ni kibao cha kukatia vitunguu."

Inspekta alimgeukia Koplo. "Soketi za meza zinawashwa na nini?"

"Swichi ya mlangoni." Koplo aliacha kuandika. "Ileile."

"Na yule bwana anasema mzee alizima swichi, kisha akaona sifuri."

Mama Vipimo alisema bila furaha. "Ndiyo maana nilimuuliza umeme unatoka wapi."

"Mshale mwenyewe alipimia nini zamani?"

"Si jina lake? Mita ya mshale. Ya sanduku jeusi, kongwe, nadhani ilipima umeme wa kwanza kuingia mji huu. Ile haihitaji ukuta wala betri kupima kapasita. Umeme uleule unaopimwa ndio unaosukuma mshale. Zima dunia yote, itakwambia." Akavua miwani. "Ukimwona bila ile mita, ujue kaachwa uchi."

Walirudi karakana kwa miguu ya haraka. Saa sita kamili Inspekta aliirudisha mita mahali pake, akaichomeka kwenye soketi ya meza, akamwita Mng'aro na kumketisha kwenye stuli ya marehemu.

"Nisaidie nisikosee. Mzee alizima swichi."

"Alizima."

"Una hakika? Isije ikawa ulidhani."

"Taa ya meza ilizimika mbele ya macho yangu, afande. Naweza kula kiapo."

"Halafu sifuri."

"Sifuri tatu na nukta. Kijani."

"Ulizisoma kutoka hatua mbili."

"Hata hatua kumi. Mita nzuri ile."

"Koplo, zima."

Swichi ililia mlangoni. Taa ya meza ikafa na mita ikafa nayo. Mng'aro alikitazama kile kioo cheusi kwa muda mrefu kuliko kilivyostahili.

"Soma," Inspekta alisema.

"Afande, siku ile labda..."

"Soma zile sifuri. Hatua mbili tu."

"Labda hakuwa amezima."

"Umesema unaweza kula kiapo kwamba alizima. Tena uongo wako ulikuwa mzuri, bwana, ungekufaa ungekuwa na mita nyingine." Inspekta alikaa ukingoni mwa meza. "Nikueleze mimi, halafu wewe unikosoe. Mzee alizima meza kama alivyozima miaka thelathini na moja. Akaweka ncha mbili kwenye kikopo, mkono wa kushoto akauegemeza kwenye bati la alumini lililo ndani ya mashine, kwa sababu bila umeme bati lile ni bati tu. Daktari kakuta kiganja cha kushoto kimeungua. Akainua macho asome, mita imelala. Imelala kwa sababu yeye mwenyewe kaizima. Anataka kujua kama kikopo kimeshiba, na kinachojua kinataka umeme. Akafikiria mita. Kwa sekunde moja akafikiria mita tu, akasahau kwamba swichi hiyohiyo inaiwasha na mashine. Akasema washa."

Mng'aro alikuwa anakunja kitambaa, akikikunjua, akikikunja.

"Mtu hafanyi kosa hilo akiwa na mita ya mshale mkononi," Inspekta aliendelea. "Koplo, ule mraba."

"Sentimita kumi na nne kwa kumi na nane. Nukta nne za mpira."

"Na wewe, bwana, kabati lile lenye kufuli lina nini?"

"Makaratasi."

"Kufuli ya makaratasi haiwi kubwa kama kichwa cha mbuzi. Fungua."

Mng'aro alichomoa ufunguo mfukoni, akafungua. Chini ya katalogi za televisheni lilikaa sanduku jeusi lenye kioo kilichofifia na mshale mwembamba. Koplo alivaa glavu, akalitoa, akaliketisha kwenye mraba mweupe. Miguu minne iliingia kwenye nukta zake kama mtu anayerudi kitandani kwake.

"Lilifungiwa lini?"

"Asubuhi ileile. Kabla hajafika."

"Na uongo?"

"Mkaguzi wa kazi angekuja." Sauti ya Mng'aro ilikuwa imekauka. "Angesema nimempa mtu kifaa kisichofaa meza yangu, angefunga mlango. Binti alishasema kawasha, kaandikiwa. Mimi nikaona, lililoanguka limeanguka."

"Ukamtwisha binti."

"Lakini kufungia si wazo langu. Muulizeni binti mwenyewe. Alikuja kwangu jioni ya kuamkia siku ile, akasema, bosi, lifungie lile sanduku, nakuomba. Tena asubuhi alinipa yeye kwa mkono wake."

"Njia ya mwongo fupi, hata pumzi hujavuta," Koplo alimwambia. "Simama, twende."

Kituoni, saa saba na nusu, Inspekta aliingia chumba cha mahojiano na karatasi mbili. Mpwa alikuwa ameketi na mikono chini ya mapaja, kama anailinda isiguse kitu. Alikuwa na miaka ishirini na sita na alama ndogondogo za kulehemu vidoleni.

"Shikamoo."

"Marahaba. Kula kwanza, kuna chai."

"Sitaki, asante."

Inspekta akamweleza yote, mita na swichi na kabati, bila kupamba. Alipofika kwenye neno *washa*, binti aliinua kichwa.

"Kwa hiyo mnajua aliniambia."

"Tunajua hakuna njia nyingine. Maelezo ya Mng'aro yameanguka. Yeye atashtakiwa kwa kudanganya polisi. Kufungia mita kabatini hakumo kwenye sheria yoyote niliyoisoma, na nimesoma nyingi." Akasogeza karatasi ya pili. "Maelezo yako mapya haya. Ukitia sahihi, jalada linafungwa kabla ya saa nane. Yamebaki wazi mahali pamoja. Nani alitoa wazo la kulifungia lile sanduku."

Binti alisoma mpaka kwenye nafasi tupu, akatulia hapo.

"Yeye kasemaje?"

"Kasema ni wewe. Lakini neno lake leo halinunui hata sindano. Ukiandika hujui, mimi sina cha kukupinga nacho. Utatoka vilevile."

Koplo, aliyesimama mlangoni, alitazama dari.

"Macho ya mjomba yalikuwa yanaondoka," mpwa alisema. "Hakutaka mtu ajue. Mwezi uliopita alisoma mshale vibaya mara mbili, mimi nikasahihisha kimyakimya. Alikuwa anasogeza pua mpaka inagusa kioo. Nikasema, siku moja atasoma sifuri pasipo na sifuri, atakufa mbele yangu. Nikatafuta yenye namba kubwa." Alitoa mikono chini ya mapaja. "Akawa anarudi kwenye lile sanduku kila nikigeuka. Nikampa mwajiri alifungie. Nilimwambia mjomba, utaizoea tu. Akaniita mtovu wa adabu. Akasema nimemfanya kipofu mbele ya wateja."

"Hukufikiria swichi."

"Nimeishi na ile swichi miaka kumi. Aliniambia washa, nikasikia mjomba kaniambia. Unafikiria nini hapo?"

Alichukua kalamu kutoka mkononi mwa Inspekta bila kuombwa, akajaza nafasi ile kwa herufi kubwa, zinazosomeka, kisha akatia sahihi. Saa nane kasoro kumi Koplo aliondoka na jalada. Inspekta alimfungulia mpwa mlango wa korido.

Mama yake alikuwa benchini tangu alfajiri, dada wa marehemu, kanga ya msiba mabegani. Alimwona binti hana pingu, akainuka kwa shida, akamshika uso kwa viganja viwili.

"Nilijua. Niliwaambia wote, mwanangu hana mkono katika kifo cha ndugu yangu. Waniombe radhi mmoja mmoja." Akamgeukia Inspekta. "Mungu akulipe, baba. Twende nyumbani, mwanangu, watu wanakusubiri."

Mpwa hakusogea.

"Mama, kaa kwanza."

"Tutakaa nyumbani."

"Hapana, mama," alisema, akamshika mkono na kumrudisha benchini. "Kaa hapa."